Radi na mvua kubwa kesho huku Oklahoma, ile ramani inasemaje

Haya wapendwa wangu, habari za huko nyumbani, poleni na majukumu. Leo sina mizunguko ya kuwaonyesha, tuongelee hali ya hewa maana tangu asubuhi meseji zinaingia tu, wengi mmeiona ile ramani kwenye magrupu mnauliza kama tuko salama. Tuko salama, ila kesho jioni kuingia usiku ndo kwenye shughuli.

Ramani ile inatoka Storm Prediction Center, kituo cha serikali ya Marekani cha kutabiri dhoruba, wako hapahapa Oklahoma mji wa Norman, wanatoa makadirio ya leo, kesho na keshokutwa kwa ngazi za hatari 1 mpaka 5. Sisi kesho tumepakwa rangi ya machungwa, ngazi ya 3. Sasa naona mtu anakoment "aah 3 ni katikati tu", jamani hapana, hata siku ya ngazi ya 2 tonado, ule upepo mkali unaozunguka kutoka mawinguni mpaka chini, inaweza kushuka, ile namba inawapa picha ya eneo zima, haikwambii nyumba yako itapona.

Kisa ni hewa kugongana. Msimu huu wa machipuko joto lenye unyevu linapanda kutoka Ghuba ya Mexico, hewa kavu inakuja kutoka nyanda za juu za magharibi, na huko juu kabisa upepo unakimbia kwa kasi na uelekeo tofauti na wa chini, basi wingu likishaanza kupanda linazungushwa, ndo mnaona mvua ya mawe, upepo wa kung'oa mabati na wakati mwingine tonado yenyewe.

Ila mimi kinachonitia hofu zaidi ni maji. Mawingu yakijipanga foleni yakawa yanapita juu ya mji uleule, moja likiisha jingine linaingia, mvua inarudia palepale masaa na masaa mpaka mitaro inazidiwa. Maji yanayokimbia ya sentimita 30 tu yanabeba gari dogo, na usiku huoni kama lami bado ipo au imeshakwenda, ndo maana zaidi ya nusu ya wanaokufa maji kwenye mafuriko huku ni watu walioingia na magari. Shifti yangu ya kesho usiku nimeshaomba nibadilishiwe, siendi barabarani.

Ikitoka tahadhari maana yake mazingira yameiva, kaa mkao wa kuondoka. Likitoka onyo, rada imeshaona kitu au mtu kakiona kwa macho, likiwa zito simu inapiga ule mlio mkali hata kama umelala fofofo, na kama ni la tonado hapo ni kukimbilia chumba cha ndani kisicho na dirisha, ghorofa ya chini kabisa. Viatu nimeshaviweka pembeni ya kitanda, vioo vikivunjika huwezi kutembea peku, na pawabenki iko full.

Wenye ndugu Oklahoma na Texas, saa 5 usiku ya huku ni saa 1 asubuhi ya Bongo, tumeni meseji msipige, meseji inapita hata mtandao ukizidiwa, na mtu asipojibu haraka msianze kulia, umeme huwa unakatika. Mimi kukitulia tu naposti.