Vijana wa jamii ndogo na matembezi ya msituni: mbona hawaji?

ZAITUNI: Hamjambo wasikilizaji. Mlio Bombo, Arua, Kisenyi, kote Uganda, na nyinyi mliobanana kwenye taksi, karibuni. Mimi ni Zaituni.

HAKIM: Na mimi Hakim, kijana wa Kisoro. Leo tuna ujumbe wa mwalimu mmoja wa Bombo. Anataka kuwapeleka vijana wa Kinubi, ile jamii ndogo ya Waislamu wa pale, msituni, watembee, siku nyingine walale kwenye hema. Anauliza: mbona wakialikwa hawaji?

ZAITUNI: Utasikia watu wanajibu, "Ah, hao hawapendi mambo hayo." Jibu la kivivu. Hebu anza na kwenu, kaka.

HAKIM: Kwetu ni Mgahinga na Bwindi. Mwaka 1991 misitu ile ilifanywa hifadhi za taifa, Wabatwa, jamii ndogo iliyoishi kwa msitu, wakatolewa. Mahakama ya Katiba ilikuja kusema wametendewa isivyo haki Agosti 2021, miaka 30 baadaye. Sasa mchukue kijana wa Kibatwa aliyezaliwa nje ya msitu. Babu yake alikuwa akiingia kurina asali. Yeye akiingia bila ruhusa, ni mhalifu. Halafu wewe unamjia na fulana na bango: "Njooni mfurahie mazingira!"

ZAITUNI: Atakuuliza, mazingira ya nani?

HAKIM: Ehe! Na kibali cha kuona gorila kwa mgeni wa ng'ambo ni dola 800. Magari ya watalii anayaona kila asubuhi yakimtimulia vumbi.

ZAITUNI: Lakini si kuna ile Njia ya Wabatwa pale Mgahinga?

HAKIM: Ipo, tangu 2011, na siibezi. Wazee wanawaongoza wageni, wanawaonyesha moto wa kupekecha vijiti, mnaishia kwenye pango la Garama, humo gizani zinapigwa nyimbo. Ni ajira, na mzee anasikilizwa. Ila tazama nani anatembea kwa raha na nani yuko kazini. Kijana wa Kibatwa akifika pale, anafika kuigiza maisha ya babu yake mbele ya watu. Mimi nataka siku moja moja aende yeye ndiye mgeni. Yule yule mzee amwonyeshe yeye, kwa mwendo wao, bila kamera ya mtu.

ZAITUNI: Na ukiwachanganya na vijana wa makabila mengine?

HAKIM: Hapo pana utamu, na pana mwiba. Kwetu kulikuwa na watu wasiokubali kunywa kikombe kimoja na Mbatwa, na tabia hiyo haijafa yote. Sasa kambini sufuria ya posho, yaani ugali, ni moja. Ukianza kuhubiri umewapoteza. Wape zamu wawili wawili, mmoja asonge posho, mwenzake achemshe maharage, wakimaliza wapakue wao wenyewe, na wawili hao wasiwe wa kabila moja. Vikombe viwe vya aina moja, vioshwe beseni moja. Ukimwona kijana amejitenga na sahani yake, usimwite kwa sauti. Nenda na sahani yako, kaa karibu naye, mle.

ZAITUNI: Hilo la sahani limenigusa. Mimi naongeza viatu. Kule ni tope na majani yanayowasha, unahitaji gambuti na koti la mvua. Kijana asiye navyo hatakwambia hana. Atakwambia tumbo linamuuma. Kwa hiyo nunueni vya kuazimana, tieni vyote gunia moja, na kila mtu achague humo, hata yule mtoto wa tajiri.

HAKIM: Huyo ndiye atakayenuna!

ZAITUNI: Anune, atazoea. Na kule mlima Elgon je? Wabenet, wenyeji wa huko, nao wana mgogoro wa ardhi na hifadhi hadi leo.

HAKIM: Kule vijana huwafundishi kupenda mlima. Kapchorwa, wilaya ya pale mlimani, imetutolea Stephen Kiprotich, dhahabu ya marathoni London 2012, na Joshua Cheptegei, dhahabu ya mita 10,000 Paris 2024. Kukimbia barabara ya vumbi hakuna kibali. Sasa tumjibu mwalimu wetu, hao Wanubi ni watu wako.

ZAITUNI: Mwalimu, usianze na vijana. Anza na mama zao. Mama wa Bombo ana maswali yake: nani atakuwa na binti yangu, ataswali wapi, atavaa nini, atarudi saa ngapi? Ukifika kwake na majibu hayo manne, umemaliza. Suruali chini ya gauni, mtandio mfupi wa kufunga nyuma usinaswe na miti. Siku iwe Jumamosi, si Ijumaa. Jerikani moja ya maji ya kutawadha ibebwe kwa zamu. Na mama mmoja aende nao, lakini asikae kwenye gari akisubiri. Mpe naye gambuti, atembee.

HAKIM: Waanzie wapi? Wagagai, kilele cha Elgon, ni mita 4,321, asije akawavunja moyo siku ya kwanza.

ZAITUNI: Msitu wa Mabira. Uko barabara ya Jinja, wakitoka alfajiri wanarudi kabla ya magharibi. Njia za kutembea zipo, waongozaji wapo, nyani na hondohondo mtawakuta. Na mwalimu, mwambie mwongozaji amweke binti mmoja mbele, aamue kundi lisimame wapi. Ukiwa nyuma siku nzima unaona mgongo wa mwenzio tu.

HAKIM: Na njaa? Maana hapo Najjembe, kituo cha barabarani karibu na msitu, wauzaji wanawahi gari kabla dereva hajazima injini, vijiti vya kuku viko dirishani.

ZAITUNI: Gonja, zile ndizi ndefu, nunueni, za kuchomwa, za moto. Kuku, mtu asinyooshe mkono mpaka yule mama amuulize muuzaji nani amechinja.