Mteja Akikata, Seva Isife

Jambo hili nimelishikia bango mara nyingi, kwa hiyo wanaonifahamu wavumilie. Mteja kukata muunganisho si kosa la seva. Bando limeisha, mtu kafunga kivinjari, basi limepita pasipo na mtandao. Kosa ni seva kufa kwa sababu mtu mmoja kaondoka.

Tuanze na write, amri ya kutuma data, maana hapo ndipo watu hubisha. Mteja amefunga soketi, yaani ncha yake ya muunganisho, na FIN, taarifa ya TCP kwamba hatumi tena, imeshafika kwenu. Seva inaandika baiti 512. Itafeli? Wapi! Inarudisha 512 bila wasiwasi, kwa kuwa kerneli, kiini cha mfumo endeshi, imezipokea kwenye bafa yake, hifadhi yake ya muda. Zikifika kule, soketi haipo, inarudishwa RST, yaani taarifa ya kuvunja muunganisho. Mkiandika mara ya pili ndipo mnapata EPIPE, kosa la kuandika kwenye muunganisho uliovunjika, namba 32 kwenye Linux, pamoja na SIGPIPE, ishara ambayo kerneli huitumia programu. Na SIGPIPE isiposhughulikiwa huua programu nzima papo hapo, haiachi hata mstari kwenye logi. Programu ikifa mkaona sheli inaonyesha namba ya kutokea 141, toeni 128: inabaki 13, ndiyo namba ya SIGPIPE. Mtu hajui hilo, anashinda wiki nzima akisaka memori inayovuja!

Wa Python mnacheka, naona. Kwenu ishara hiyo hupuuzwa tangu programu inapoanza, mnaletewa kosa la kawaida, BrokenPipeError. Mnaoandika C, mwanzoni mwa main wekeni signal(SIGPIPE, SIG_IGN), ili ishara ipuuzwe. Mtaniambia kuna MSG_NOSIGNAL, bendera ya kuizuia ishara hiyo. Ipo, ila ni ya send, amri nyingine ya kutuma. Write haina pa kuipokelea, na maktaba mliyoazima huenda inatumia write.

“Sasa kama imerudisha 512, data si imefika?” Haijafika! Imetoka mikononi mwenu tu. Kama ni malipo, mteja athibitishe kwa ujumbe wa programu yenyewe, na kila ombi liwe na namba yake, lisije likarudiwa mtu akakatwa pesa mara mbili.

Ikija EPIPE au ECONNRESET, yaani upande wa pili umevunja muunganisho, fungeni soketi, achieni memori, sitisheni hoja ya hifadhidata iliyokuwa inamhudumia huyo mteja, andikeni mstari mmoja wa ngazi ya chini kwenye logi. Si ERROR ya kumwamsha mtu saa nane usiku. Wala msirudie kuandika. Ya kurudia ni EINTR, amri ikikatizwa na ishara; ya kusubiri ni EAGAIN, bafa ikijaa. Ukizitia zote kwenye kitanzi kimoja, prosesa itazunguka kwa asilimia 100 ikimwandikia mtu asiyekuwepo.

read, amri ya kupokea data, ikirudisha 0, yaani hakuna zaidi cha kusoma, msikurupuke: huenda mteja amefunga upande wa kuandika tu, kwa shutdown, na bado anangoja jibu.

Muda unanibana. Anayepotea bila FIN, tuseme simu imechomolewa betri: keepalive ya Linux, yaani kuuliza kama mwenzako bado yupo, hata mkiiwasha, husubiri sekunde 7200 kabla ya kuuliza, kisha huuliza mara 9 kwa kupishana sekunde 75. Saa mbili na ushee! Punguzeni huo muda wa kusubiri kwa TCP_KEEPIDLE. Kukiwa na data ambayo haijathibitishwa, tumieni TCP_USER_TIMEOUT, kikomo cha kusubiri uthibitisho, na inahesabu milisekunde, msije mkaweka 30 mkidhani ni sekunde. Zile 499 za nginx, namba ambayo seva hiyo ya wavuti huandika kwenye logi mteja akikata kabla ya jibu, mniulize kwenye maswali.