Uzi wa Titini na Hesabu Inayorukwa

Mabibi na mabwana, mliokwisha kunisikia nikilizungumzia jambo hili mnivumilie, kwa maana nitalirudia kila ninaposikia kwamba bakteria wametengeneza uzi wa titini, protini ya msuli, wenye nguvu kuliko Kevlar, ule uzi mgumu wa fulana za kuzuia risasi. Utafiti wenyewe ulitoka mwaka 2021 katika maabara ya Fuzhong Zhang, Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, na hausemi hivyo.

Kevlar hustahimili mkazo, yaani nguvu kwa kila eneo la uzi, unaopita megapaskali 3,000. Uzi huu wa titini hukatika kabla ya kufika 400. Kwa kipimo hicho hakuna mashindano. Ulipoizidi Kevlar ni katika nishati unayoimeza kabla ya kukatika: takriban megajuli 130 kwa kila mita ya ujazo, ilhali Kevlar humeza 50 hivi. Nishati ni nguvu mara umbali, somo la sekondari hilo, na Kevlar hurefuka asilimia 4 hivi tu, basi imekatika. Nahodha hahitaji mhadhara wangu: chombo kinachorushwa na mawimbi gatini hukifunga kwa kamba ya nailoni inayonyumbuka, wala si kwa waya wa chuma, ingawa waya ndio wenye nguvu, kwa sababu waya usiorefuka utang'oa kile ulichofungwa.

Umbali huo titini inaupata wapi? Ndani ya msuli, molekuli moja ya titini ina urefu unaozidi mikrometa moja, na sehemu yake kubwa ni msururu wa vifundo, kila kimoja kikiwa na asidi amino 90 hivi. Mwaka 1997 watafiti Matthias Rief, Hermann Gaub na wenzao waliinasa molekuli hiyo kwa ncha nyembamba mno ya hadubini ya nguvu za atomu, wakaivuta, na mchoro wa mvutano ukatoka wenye meno. Kifundo kimoja hukunjuka kwa pikonyutoni (sehemu ya trilioni ya nyutoni) 150 hadi 300, mvutano ukaporomoka, kisha ukapanda tena mpaka kingine kiachie. Ukilegeza, vifundo hujikunja upya, lakini sehemu kubwa ya nishati iliyovikunjua imekwisha kuwa joto, ndiyo maana uzi huu hutuliza mtikisiko. Katika uzi wa St. Louis, vifundo vya minyororo iliyo jirani hupangana kifuwele, kwa hiyo minyororo haitelezi. Kinachoachia ni kifundo.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini wasichukue nyama machinjioni. Titini ya humo imeshikamana na protini nyingine chungu nzima, na ni nyepesi kukatikakatika inapotolewa. Bakteria nao, Escherichia coli, huelemewa na jeni refu lenye marudio, kwa hiyo walipewa kipande kifupi chenye vifundo vichache na, kwenye ncha zake, nusu mbili za inteini, kipande cha protini kinachojikata chenyewe, ambazo zikikutana huunganisha vipande na kujiondoa zenyewe, humo humo ndani ya seli.

Muda umenibana, kwa hiyo bei na unyevu tuviache. Kuhusu fulana ya kuzuia risasi, nasema tu kwamba risasi haingoji uzi urefuke, na huko ugumu wa Kevlar bado unahitajika. Nyuzi za kushonea vidonda, hilo nitalijadili na yeyote, mradi aje na mchoro mzima wa mkazo na mrefuko, asije na namba ya kileleni peke yake.