Saa 120 za Kozi Moja

Karibuni chuoni, wanangu wa mwaka wa kwanza. Habari za usajili na vitambulisho mmeshaelezwa tangu asubuhi, siyarudii. Nimeomba nusu saa hii, kama ninavyoiomba kila mwaka, kwa jambo moja tu: krediti.

Fungueni mwongozo wenu. Pembeni ya kila kozi pana namba: 8, 12. Wengine humaliza miaka mitatu bila kuuliza ile namba ni ya nini. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Mimi nitakuwa nanyi saa 3 kwa wiki, mihadhara na semina pamoja. Kwa wiki 15, saa 45. Hizo 75 zilizobaki ziko wapi? Ziko kwako. Chukua kozi tano za namna hiyo: saa 600 kwa muhula, saa 40 kwa wiki. Hiyo ni wiki ya mtu mwenye ajira, anayeingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 10 jioni, siku tano. Ila hapa hakuna wa kukugongea kengele ya prepo.

Miaka kadhaa nyuma alikuja ofisini kwangu binti mmoja na karatasi ya jaribio la kwanza: 9 kati ya 20. Kidato cha sita alipata daraja la kwanza, pointi 5. Analia: "Mwalimu, nimekesha nasoma." Sikumbishia. Nilimpa daftari, nikamwambia aandike kila saa anayosoma kwa wiki nzima, asinidanganye mimi wala nafsi yake. Akarudi Ijumaa. Darasani, saa 15. Diskasheni na wenzake, saa 9, na humo karibu saa 6 walikuwa wakisubiri desa, yale maandishi ya waliotangulia, litolewe kopi. Kusoma mwenyewe, kitabu mbele yake: saa 4. Kozi tano, saa 4! Alilitazama lile daftari kwa muda, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa najichosha tu." Hakuwa mvivu hata kidogo, alichoka kweli kila siku. Tukapanga upya: Jumanne na Alhamisi asubuhi maktaba, simu imezimwa, sura moja, na mwisho wa sura aandike kwa maneno yake mwandishi anadai nini. Tulianzia hapo, tukaongeza siku. Kozi ile aliimaliza na B+.

Nawasikia mnavyonong'ona: desa ndilo lililowavusha waliotutangulia. Liliwavusha kwenye maswali ya mwaka wao. Mimi maswali huyabadilisha. Tena lipo desa la kozi yangu lenye sentensi moja yenye kosa, na kila mwaka naikuta ileile kwenye vitabu vya mtihani, neno kwa neno. Kila mwaka naikata.

Mwingine atasema, Kiingereza cha vitabu kinanishinda, ukurasa mmoja nausoma mara tatu. Ni kweli, na si kosa lako. Basi hizo mara tatu zihesabu kama saa za kazi. Jadilianeni kwa Kiswahili mpaka hoja ieleweke, ndipo muiandike kwa Kiingereza. Anayekariri sentensi asizozielewa namwonea uchungu kuliko wote, maana anatoa jasho jingi na hapati kitu.

Na mtu asiniambie mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira! Krediti zake 120 ni theluthi ya 360 za digrii nzima, na GPA ya mwisho, yaani wastani wa alama zako, inazibeba zote. Nimewaona wa mwaka wa tatu wakihangaika kuifikia 3.5, ya daraja la pili la juu, kwa sababu ya shimo walilolichimba mwaka wa kwanza.

Chumba? Najua mtabebana, kitanda kimoja watu wawili. Hapo hapasomeki, msijaribu. Nendeni madarasa yaliyo wazi usiku, na mrudi kwa makundi. Bumu, ile fedha ya mkopo wa serikali: shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi, nalo huja kwa mkupuo. Lipa chumba kwanza, ya chakula igawe kwa siku. Nilitaka kugusa sapu, ile mitihani ya kurudia, na kuahirisha masomo, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Mkiugua, ripotini kabla ya mtihani, si baada ya matokeo.

Nunueni daftari dogo leo hii. Ijumaa ya wiki ya pili nipo ofisini kuanzia saa 8 mchana. Njooni nalo.