Andika Tarehe Kwenye Pakiti ya Chumvi

LUKA: Kamwene, wasikilizaji wa Iringa, Njombe na Mafinga!

TUMPE: Na wa Mbeya hadi Kyela, ugonile! Mkisikia mngurumo nyuma yetu, hiyo ni mvua kwenye bati. Uyole leo haijapumzika tangu saa nne. Kaka Luka kaingia hapa kalowa, mkononi kashika pakiti ya chumvi. Nikadhani zawadi ya Iringa.

LUKA: Zawadi gani ya nusu kilo iliyobaki robo? Hiyo nimeitoa jikoni kwangu. Hebu soma hapo ubavuni.

TUMPE: Kuna maandishi ya kalamu. "Imefunguliwa tarehe 3." Mbona unaiandika kama dawa ya mtoto?

LUKA: Nitakueleza. Anza wewe kwanza na ya mama.

TUMPE: Haya. Mama yangu yupo Tukuyu. Mwaka jana alipata kizunguzungu shambani, akapelekwa zahanati, presha ikasoma 168 kwa 98. Akapewa dawa, halafu akaambiwa maneno mawili: "Mama, punguza chumvi." Basi, akaitwa mgonjwa mwingine. Hakuna aliyemwambia apunguze kutoka wapi, hadi wapi. Nilipokwenda kumsalimia, shikamoo mama, marahaba, nikakuta lile kopo la chumvi limetoka mezani. Mama kajaa furaha: "Mwanangu, chumvi mbichi nimeacha kabisa." Halafu akapakua maharage. Kaka, maharage yale yalikuwa yamekolea mpaka nikaomba maji kabla sijamaliza tonge la tatu.

LUKA: [anacheka] Chumvi mbichi! Hata marehemu bibi yangu alikuwa na imani hiyohiyo. Kwamba ya kumwagia juu ya chakula ndiyo mbaya, ila ikishachemka haina neno.

TUMPE: Na si wazee tu. Uliza hata vijana wa mjini.

LUKA: Chumvi haifi kwa moto, jamani. Haiungui, haigeuki mvuke. Kinachotusumbua ndani ya chumvi ni sodiamu, nayo ni kama asilimia 40 ya uzito wake. Ukiichemsha saa tatu na maharage, sodiamu yote ipo palepale kwenye mchuzi. Ikiingia mwilini inavuta maji. Maji yakizidi, damu inakuwa nyingi ndani ya mishipa ileile, moyo unasukuma kwa nguvu, figo zinahangaika kuitoa. Miaka inapita hivyo, kimyakimya, mpaka siku ya kiharusi.

TUMPE: Kwa hiyo mama aliondoa kopo, akaiacha sufuria.

LUKA: Na kwetu mzigo upo kwenye sufuria. Kule Ulaya na Marekani chumvi nyingi wanaila bila kuishika, ipo tayari kwenye mkate, soseji, jibini, vyakula vya makopo. Sisi huku tunaitia wenyewe, kwa mkono wetu. Mimi naona hiyo ni nafuu, kwa sababu mkono ni wako, unaweza kuuzuia. Tatizo ni kwamba mkono hauna kipimo.

TUMPE: Kipimo ni kipi sasa? Maana "punguza" si kipimo.

LUKA: Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku. Hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, kisiwe na kilima. Kwa siku nzima, ukijumlisha kila ulichokula. Wastani wa dunia ni karibu gramu 11, zaidi ya mara mbili.

TUMPE: Kijiko cha chai, asubuhi mpaka usiku?

LUKA: Ndiyo hapo nilipokwama na mimi, maana nani anapika akiwa na kijiko cha chai mkononi? Ndipo nikapata wazo la pakiti. Nyumbani tupo wanne. Wanne mara gramu 5 ni gramu 20 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo ni gramu 500. Gawanya.

TUMPE: Siku 25.

LUKA: Siku 25 ndiyo tunatakiwa kukaa nayo. Na watoto wanatakiwa wale kidogo kuliko sisi, kwa hiyo hata hapo nimejipendelea. Nikaandika tarehe, nikairudisha kabatini, sikumwambia mtu. Unajua iliisha siku ya ngapi?

TUMPE: Ya 15?

LUKA: Ya 11. Fanya hesabu, ni zaidi ya gramu 11 kwa kila kichwa. Na hapo sijahesabu mkate, supu ya asubuhi kazini, wala chipsi za Ijumaa.

TUMPE: Ulipomwambia shemeji je?

LUKA: Aliniuliza kama siku hizi nimekuwa mkaguzi wa stoo. [wanacheka] Ila alinisahihisha jambo moja la haki kabisa: si chumvi yote inaliwa. Alikuwa anaoshea samaki, anasugulia utumbo, maji yanamwagwa. Sasa hiyo ina kopo lake, pakiti yenye tarehe ni ya sufuria peke yake. Kwa hiyo ile gramu 11 ilikuwa imezidi ukweli kidogo. Kidogo, lakini.

TUMPE: Mimi ningependa kumwona akipika, nijue inakoingilia.

LUKA: Nilikaa kwenye kigoda nikamwangalia. Anapika mchuzi wa nyama na viazi. Kitunguu kikianza kubadilika rangi, vidole vitatu vinaingia kwenye pakiti: cha kwanza hicho. Nyanya zinaingia, anasema chumvi inasaidia nyanya kulainika: cha pili. Akaja na kile kiungo cha unga cha pakiti, ambacho ukisoma nyuma chumvi imeandikwa mwanzo mwanzo kabisa. Mwisho anaonja kwenye kiganja, anatikisa kichwa, anaongeza. Mara nne, sufuria moja. Nikamwomba achote tena vilevile vidole vitatu, aviachie kwenye kijiko cha chai. Kijiko kikajaa. Akakaa kimya.

TUMPE: Kumbe tatizo halikuwa kupenda chumvi.

LUKA: Mkono ulishazoea njia. Tukakubaliana mambo machache tu. Chumvi inaingia mara moja, mwishoni, sufuria ikikaribia kuepuliwa. Ya mwishoni inabaki juu juu ya nyama na kiazi, ulimi unaikuta mapema, kwa hiyo kidogo kinatosha. Na akitia kiungo cha pakiti, hatii chumvi. Kimoja kati ya viwili.

TUMPE: Pale kwenye pakiti mara nyingine wanaandika sodiamu, hawaandiki chumvi. Mtu anaona namba ndogo anafurahi.

LUKA: Zidisha mara mbili na nusu ndiyo upate chumvi yenyewe. Gramu 2 za sodiamu ni zile gramu 5 zote za siku.

TUMPE: Watoto hawakugoma?

LUKA: Wiki ya kwanza mdogo alisema mchuzi "umepooza". Na mimi, nikiri, nilikwenda kibandani kula chipsi kwa siri. Kosa letu tulikata nusu kwa mara moja. Tukarudisha, tukaanza upya kwa kupunguza robo, wiki mbili, kisha robo nyingine. Ulimi unazoea, ila unataka majuma kadhaa, haufuati amri. Nilijua umezoea nilipokwenda harusi moja Mafinga. Pilau ambayo kila mtu anasifia, mimi naona kama wamepikia maji ya bahari.

TUMPE: Hapo ndipo unakuwa mgeni msumbufu.

LUKA: Nilinyamaza nikala kachumbari.

TUMPE: Nami niseme upande wa viungo, kwa sababu huku Mbeya hatuna kisingizio. Nenda Soweto au Mwanjelwa asubuhi: tangawizi, kitunguu saumu, giligilani, limau, pilipili kichaa, nyanya za kuiva. Limau hasa. Ukilikamulia juu ya maharage yaliyo na chumvi kidogo, mdomo unadanganyika unadhani chumvi ipo. Mboga za majani ukiziunga kwa karanga za kusaga, nyanya na kitunguu, utatafuta pengo la chumvi hulioni. Ugali wenyewe tunausonga bila chumvi tangu enzi, na hakuna aliyewahi kulalamika.

LUKA: Hiyo nzuri. Ugali hauna, wali tunautia. Kwa nini?

TUMPE: Mazoea. Mchele wa Kyela unaonukia vile unautilia chumvi ya nini? Mimi niliacha, na wageni hawajui. Lakini kuna mmoja anajificha: magadi. Watu wanatia kwenye maharage yaive upesi, kwenye mlenda, kwenye mboga ngumu. Magadi ya dukani nayo ni sodiamu. Hayana ladha ya chumvi, ndiyo maana hakuna anayeyahesabu. Loweka maharage usiku kucha, umwage yale maji, yataiva bila magadi.

LUKA: Na yale majivu ya maganda ya ndizi, ambayo wazee walikuwa wanachuja maji yake?

TUMPE: Yale ni potasiamu kwa sehemu kubwa, ni kitu kingine. Na potasiamu kwenye chakula ndiyo inayousaidia mwili kuitoa sodiamu. Sasa angalia tulipo: ndizi za Tukuyu, parachichi za Rungwe na Njombe, viazi mviringo, maharage, mboga za majani. Vyote vina potasiamu. Tumekalia dawa tunaimwagia chumvi juu.

LUKA: Kule China waliwahi kubadilisha chumvi yenyewe. Vijiji 600, watu kama 21,000, nusu ya vijiji wakapewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu. Matokeo yalitoka mwaka 2021: kiharusi kilipungua kwa asilimia 14.

TUMPE: Ila mwenye ugonjwa wa figo asiiguse bila daktari. Potasiamu ikimzidi inamsumbua moyo. Na anayemeza dawa za presha aendelee kumeza. Mama bado anameza.

LUKA: Kuna msikilizaji aliuliza kuhusu chumvi ya waridi, ile inayouzwa ghali.

TUMPE: Sodiamu ni karibu ileile. Unalipia rangi. Na nyingi haina madini joto, jambo ambalo kwa sisi wa milimani ni kubwa. Wazee wanakumbuka shingo zenye rovu. Udongo wa nyanda za juu una madini joto kidogo, ndiyo maana tangu miaka ya 1990 chumvi ya kula nchini inatakiwa kuongezwa madini hayo. Kwa hiyo usiseme "napunguza chumvi" ukahamia ile ya mawe isiyo na chochote. Baki na yenye madini joto, ila kidogo. Ifunike vizuri, isikae karibu na moshi wa jiko wala kwenye jua.

LUKA: Ajabu ni kwamba chumvi huku kwetu ilikuwa mali. Ivuna, huko Momba karibu na Ziwa Rukwa, wanaakiolojia walichimba miaka ya 1960 wakakuta watu walikuwa wanachemsha maji ya chumvi kwenye vyungu karne nyingi nyuma. Kuni, vyungu, kutwa nzima jikoni, upate kiganja kimoja cha chumvi. Mtu wa namna hiyo hawezi kuimwaga ovyo.

TUMPE: Sasa hivi nusu kilo unainunua kwa chenji ya daladala. Haya, nje ya nyumbani je? Maana mimi ndiko ninakoanguka. Yule kijana wa chipsi ana chupa ya maji, kifuniko kakitoboa kwa msumari. Chipsi zikitoka kwenye mafuta anaitikisa kama anapiga kayamba. Kabla hujafungua mdomo keshamaliza.

LUKA: Sema wakati wa kuagiza, siyo wakati wa kulipa. "Chipsi kavu, chumvi nitatia mwenyewe." Atakuangalia kidogo, siku ya tatu anakuzoea. Supu ya asubuhi nayo, onja kwanza. Watu wanakamata kopo la chumvi kabla kijiko hakijagusa mdomo.

TUMPE: Mahindi ya kuchoma?

LUKA: Mahindi ya kuchoma paka limau na pilipili. Samaki wa chumvi loweka, umwage maji, uloweke tena. Lakini usijitese na kila kitu. Mimi chipsi za Ijumaa bado nakula.

TUMPE: Hujaniambia. Pakiti ya sasa imefika wapi?

LUKA: Iliyopita ilikwenda siku 17. Hii bado ina robo, na leo ni siku ya 16. Huenda ikagusa 21.

TUMPE: 25 bado.

LUKA: Bado. Ila kutoka 11 siyo haba, na kipimo cha presha pale nyumbani kimeanza kunisemesha vizuri.

TUMPE: Nami nimenunua yangu Mwanjelwa asubuhi, ipo kwenye kikapu. Kwangu tupo sita, watano na binti wa dada aliyekuja shule. Sita mara 5 ni 30. Siku 16 na kitu. Nyingine nitampelekea mama Jumamosi, yeye yupo na wajukuu wawili, hiyo ni... 33?

LUKA: 33. Muulize kwanza kama anaoshea samaki.

TUMPE: Anaoshea, tena wa Kyela. Nitampelekea na kopo la pembeni. Nipe hiyo kalamu. Leo tarehe ngapi?