Sanduku la Mbaraka: vyombo vya baiskeli nyumbani

ZUHURA: Wasikilizaji, hodi. Tupo barazani Ngamiani, Tanga, na mkisikia jogoo anawika saa hizi msitulaumu, ni wa jirani na ratiba yake anaijua mwenyewe. Mimi Zuhura.

MBARAKA: Na mimi Mbaraka, mwenye vidole vyeusi. Nimevisugua na sabuni ya unga tangu asubuhi, wapi!

ZUHURA: Fungua hilo sanduku watu wasikie linavyolia.

MBARAKA: Haya. (Sauti ya vyuma.) Ila usinicheke, dada. Mji wenyewe huu, kila mtu na baiskeli yake, mama zetu wanakwenda nayo sokoni, na mimi pancha ndogo tu nakokota hadi kwa fundi. Nikasema yatosha. Nikaagiza seti kamili mtandaoni.

ZUHURA: Hiki chenye meno ni cha nini?

MBARAKA: Cha kufungulia kaseti. Kule nyuma, kwenye gia.

ZUHURA: Baiskeli yako ina gia ngapi?

MBARAKA: Moja.

ZUHURA: Phoenix nyeusi ya marehemu mzee, breki za vyuma, krenki, yaani mikono ya pedali, zimeshikwa kwa kotapini, zile pini za chuma. Na hizi alenki nane, zile za umbo la L, unaziingiza wapi? Hiyo baiskeli ni nati tupu kutoka mbele hadi nyuma.

MBARAKA: Ndiyo maana nimekuja kwako.

ZUHURA: Mimi vyangu vyote vinaingia kwenye kopo la biskuti, na nimevinunua kimoja kimoja, siku ambayo kazi ilinikatalia. Tuanze na kilichokukatalia wewe. Pedali, sivyo?

MBARAKA: Pedali ya kushoto. Nimeikamata na spana malaya, nikavuta kama ninavyofungua nati yoyote. Haiendi. Nikapanda juu ya spana kwa miguu miwili. Ikatoa mlio, nikashangilia.

ZUHURA: Kumbe unakaza.

MBARAKA: Nakaza! Na spana ikateleza, nati imekuwa mviringo kama kashata.

ZUHURA: Pedali ya kushoto uzi wake, ile mikato ya skrubu, ni wa kinyume, ili isijifungue yenyewe ukikanyaga. Usihangaike kukariri saa na kinyume cha saa. Simamisha spana ielekee juu, halafu: kufungua, ivute kuelekea tairi la nyuma, kukaza, isukume kuelekea la mbele. Kulia na kushoto ni hivyo hivyo. Na iwe spana ya milimita 15, nyembamba, yenye mkono mrefu. Spana malaya inakubali kila nati lakini haimshiki yeyote kwa dhati, ndiyo jina lake lile.

MBARAKA: Na kusimamisha? Mimi naigeuza miguu juu.

ZUHURA: Baiskeli ya breki za vyuma usiigeuze. Uzito wote unalalia usukani na zile fimbo za breki, zikipinda kidogo tu raba haikai sawa kwenye ringi. Stendi za duka ni ghali. Mimi nina kamba mbili kwenye boriti la paa la uani, kila moja ina kulabu ya nondo niliyoivika kipande cha tyubu kuukuu. Moja chini ya kiti, moja kwenye usukani. Pedali inakuja usawa wa kifua, sikunji mgongo, magurudumu yanazunguka hewani. Hicho ndicho kitu cha kwanza kuwa nacho nyumbani, kabla ya spana yoyote.

MBARAKA: Kamba! Na mimi nimelipia sanduku.

ZUHURA: Cha pili trei ya mayai.

MBARAKA: Ya mayai haya haya?

ZUHURA: Ya mayai 30. Unapofungua habu ya mbele, kile kitovu cha gurudumu, unachotoa kwanza weka shimo la kwanza, kinachofuata shimo la pili, nati na washa zake zikae kwa mpangilio. Kurudisha unaanzia mwisho. Na gololi hazikimbii.

MBARAKA: Mwaka jana nilifungulia kwenye mkeka. Nikaokota gololi 17, na moja ikaja kuonekana kwenye upawa wa uji.

ZUHURA: Habu ya mbele ya baiskeli kama yako kwa kawaida ni 10 kila upande, zile ndogo za inchi 3/16. Nyuma ni 9 kila upande, za robo inchi. Hesabu kabla hujatoa, maana aliyekutangulia pengine naye alipoteza. Kurudisha, paka grisi kwanza kwenye kikombe cha habu, halafu zibandike moja moja, zinanata zenyewe. Kukaza koni, ile nati inayobana gololi, ndiko kunakotaka spana nyembamba, ya kawaida haipiti. Ya kwangu ni spana kuukuu, fundi wa kuchomelea aliinoa kwa jiwe la umeme ikawa bapa kama kisu.

MBARAKA: Nikajuaje nimekaza sawa?

ZUHURA: Shika ringi uitikise kushoto na kulia. Ikigonga, imelegea. Kisha izungushe polepole ukiwa umeshika ekseli: ukisikia mikwaruzo vidoleni, umekaza mno. Mahali pazuri ni katikati, na utakosea mara tatu.

MBARAKA: Na kotapini? Kila nikiipiga nyundo inapinda kichwa.

ZUHURA: Kwa sababu unapiga krenki ikiwa inaning'inia, nguvu yote inaishia kwenye gololi za ndani. Legeza nati hadi iwe sawasawa na ncha ya pini, usiitoe, ndiyo inayolinda uzi. Chini ya krenki simamisha gogo au kipande cha bomba linalofika hadi ardhini, pini iwe na nafasi ya kutokea. Halafu piga mara moja, kwa moyo. Vipigo vidogo vidogo ndivyo vinavyoivimbisha. Na ukiwa na jiriwa, wenyewe wanaita vaisi, usipige kabisa, ikamulie humo. Lakini jiriwa ni mzigo, mimi naazima kwa seremala.

MBARAKA: Cheni naitia oili chafu ya gari. Ya bure.

ZUHURA: Na mchanga wetu huu? Ile oili ina unga wa chuma tayari, ukichanganya na mchanga unakuwa umepaka msasa. Osha cheni kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, ikauke. Kisha oili safi nyepesi, tone moja kila pingili, zungusha pedali nyuma, halafu futa nje yote. Inayofanya kazi ni iliyoingia ndani. Ukiwa na rula ya inchi, pima: pingili 24, kutoka pini hadi pini, cheni mpya ni inchi 12 kamili. Ikifika 12 na moja ya nane, imekwisha na inakula meno ya sproketi.

MBARAKA: Naona pancha hukuitaja.

ZUHURA: Pancha kila mtu anajidai anaijua. Beseni la maji, msasa, solusheni, kiraka. Kosa ni haraka: mtu anapaka solusheni mbichi anabandika hapo hapo. Paka nyembamba, subiri hadi kidole kisinate, ndipo ubandike na kugandamiza. Na kabla ya kurudisha tyubu pitisha kitambaa ndani ya tairi, mwiba bado upo humo. Kitambaa, si kidole.

MBARAKA: Kuna kazi ambayo wewe mwenyewe huigusi?

ZUHURA: Kusuka ringi upya na kufungua friwili, ile sproketi ya nyuma inayozunguka bure usipokanyaga. Nampelekea fundi wa chini ya mwarobaini na nalipa bila kunung'unika. Spoku moja moja naikaza mwenyewe, robo mzunguko basi, nikiangalia ringi inavyopita karibu na raba ya breki.

MBARAKA: Vyombo vyako havina kutu hata kimoja, na bahari iko pale.

ZUHURA: Kitambaa chenye oili ndani ya kopo, navifuta kabla ya kufunga. Chumvi ya hewa hii haimsamehe mtu. Sasa hilo sanduku lako, yule kijana wa mtaa wa pili si ana baiskeli ya gia, ya mtumba?

MBARAKA: Anayo. Na ana pampu mbili.

ZUHURA: Mwite aje tuzungumze naye. Wewe nenda kanunue kamba, mita nne zitatosha. Pima boriti kwanza.