Mpira Ukishatoka Mkononi

Wazee wangu shikamooni. Vijana, habari za jioni. Najua wengi wenu mmetoka kazini mkaja hapa moja kwa moja, kwa hiyo sitawazungusha.

Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye mechi ya futiboli ya Kimarekani, pembeni mwa uwanja wa chuo kimoja kidogo, nasaidia kugawa maji. Kwotabeki wetu, yaani mrushaji wa mpira, kijana wa mwaka wa pili, alirusha mpira mrefu kwenda kulia. Uwanja mzima tukageuza shingo kuufuata, mimi nikiwemo. Mpira ukadakwa, watu wakalipuka kwa kelele. Niliporudisha macho, kijana yuko chini, mkono ameubana mbavuni, mdomo wazi, hewa haiingii. Kilichompata nilikuja kukiona baadaye kwenye video. Mpira umeshatoka. Mlinzi anapiga hatua mbili nzima, anaona kabisa kwamba mkono ni mtupu, ndipo anamwingia kwa bega. Tulipomfikia, neno la kwanza alilotoa lilikuwa: "Kadaka?"

Hili ndilo limenileta mbele yenu hapa Columbus, Ohio, kwa sababu watoto wetu sasa wanaingia kwenye timu hizi, na sisi wazazi tuliolelewa na soka tunakaa majukwaani bila kujua tuangalie nini.

Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa kila shambulizi na kuamua uende wapi. Mtazameni anaporusha. Mguu wa mbele umekita chini, mkono umenyooka, kifua na mbavu ziko wazi, macho yako mbali kwa mwenzake. Hawezi kukwepa, hawezi hata kujikaza. Kama mnataka mfano wa kwetu, ni kipa aliyeruka juu kudaka krosi: mwili wote uko hewani, na kila refa anajua kwamba hapo kipa lazima alindwe. Tofauti ni kwamba kwotabeki yuko katika hali hiyo mara thelathini au arobaini kwa mechi moja, na anayemjia anaweza kuwa na kilo 120.

Kuna jambo katika historia ya mchezo huu ambalo kila nikilifikiria linanigusa. Mwaka 1905 vijana walikuwa wanakufa viwanjani. Magazeti ya msimu ule yaliandika vifo karibu ishirini, wengi wao wanafunzi. Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, akawaita Ikulu watu wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton, akawataka wausafishe mchezo. Mwaka uliofuata sheria zikabadilishwa, na kikaanzishwa chama ambacho leo ni NCAA, kinachosimamia michezo ya vyuo. Moja ya mabadiliko ya 1906 lilikuwa kuruhusu mpira urushwe mbele, ili wachezaji watawanyike, waache kurundikana na kupondana. Yaani pasi ililetwa iwe dawa, na dawa hiyo hiyo ikamzaa mtu mmoja anayesimama mbavu wazi akisubiri kugongwa.

Sasa sheria ya leo. Mwaka 2008 NCAA iliweka kosa la kulenga kichwa: ukimgonga mtu kwa utosi wa helmeti, au ukimlenga kichwani au shingoni mtu asiyeweza kujikinga, mpira unasogezwa yadi 15, kama mita 14, dhidi ya timu yako. Mwaka 2013 wakaongeza kutolewa nje. Aliyekosea kipindi cha pili akawa anakosa na kipindi cha kwanza cha mechi inayofuata. Penye mfumo wa marudio ya video, tukio la namna hiyo hupitiwa upya. Na aliyetoka kurusha mpira ametajwa waziwazi kati ya wasioweza kujikinga.

Watu wa mji huu hamhitaji kukumbushwa ya tarehe 28 Desemba 2019. Ohio State, chuo chetu hapa mjini, wanaongoza 16 kwa 0 dhidi ya chuo cha Clemson kule Arizona. Shaun Wade wa Ohio State anamwangusha Trevor Lawrence, kwotabeki wa Clemson, video inatazamwa, Wade anatolewa. Clemson wanapata nafasi mpya ya kushambulia, wanafunga, na mwisho wanashinda 29 kwa 23. Siku ya mwaka mpya wa 2021 timu hizo hizo zikakutana New Orleans, na mambo yakageuka. James Skalski wa Clemson akamwingia Justin Fields, kwotabeki wa Ohio State, mbavuni kwa helmeti, akatolewa. Fields alikosa shambulizi moja tu, akarudi, akamaliza na pasi sita za tachidauni, yaani za kufunga. Ohio State 49, Clemson 28. Mji ulimsifu kwa ushujaa. Mimi nilikuwa namtazama anavyoshika ubavu, na sikuweza kushangilia.

Angalieni kitu kimoja katika matukio hayo mawili. Yote mawili, mpira ulikuwa bado mkononi mwa kwotabeki. Wachezaji walitolewa kwa sababu ya helmeti, na ni haki watolewe. Lakini kijana wetu aligongwa wakati hana mpira kabisa, hatua mbili baadaye, na adhabu ilikuwa yadi 15 na nafasi mpya ya kushambulia. Aliyemgonga alicheza hadi dakika ya mwisho. Sheria yetu imejifunza kuuliza pigo limetua wapi, ila haijajifunza vya kutosha kuuliza limetua lini. Bega kwenye mbavu za mtu aliyekwisha kutoa mpira linaweza kumwangusha kisogo kikatangulia chini, na ubongo ukatikiswa vilevile.

Najua walinzi wana neno lao, na nalikubali kwa sehemu. Mtu mwenye kasi ile hasimami kama taa nyekundu. Tena wapo makwotabeki waliowahadaa. Desemba 2021 Kenny Pickett wa chuo cha Pittsburgh alijifanya anateleza chini, ishara ya kwamba amejisalimisha. Walinzi wakalegea, naye akaendelea kukimbia hadi akafunga, yadi 58. NCAA haikungoja hata msimu uishe: ndani ya siku chache ilitangaza kwamba atakayejifanya anateleza, shambulizi lake litasimamishwa papo hapo. Walifanya vyema. Mlinzi anayejizuia asiadhibiwe kwa kujizuia kwake.

Lakini hatua moja ya kasi ni kitu kimoja, na hatua mbili za makusudi ni kitu kingine. Anayeweza kutofautisha yuko uwanjani. Ni mwamuzi mkuu, yule mwenye kofia nyeupe, anayesimama nyuma ya kwotabeki. Kazi yake mpira ukitoka ni kutoufuata. Sisi sote tunageuza shingo, yeye anabaki na mtu. Waamuzi wengine hata huwapigia walinzi kelele kwamba mpira umeshakwenda, wajizuie. Na kitabu cha sheria kinampa mamlaka ya kumtoa yeyote aliyefanya kosa baya la wazi, hata kama kichwa hakikuguswa. Ninachoomba ni mamlaka hayo yatumike. Kwenye ligi ya kulipwa mchezaji hukatwa fedha. Chuoni kitu kinachomuuma kijana ni kukaa nje, na ana mechi kama kumi na mbili tu kwa msimu wa kawaida.

Kwa hiyo Jumamosi mwanao akicheza, mzazi mwenzangu, mpira ukiruka uache uende. Baki na aliyeurusha mpaka asimame. Na akisimama akiwa anayumba, au anauliza mara mbili matokeo ni ngapi, teremka umwambie daktari wa timu ulichokiona. Mwenye dalili za mtikisiko wa ubongo hupimwa kwanza, na ikithibitika harudi uwanjani siku hiyo, hata kama robo ya nne, ya mwisho, ndiyo imeanza na timu iko nyuma kwa pointi tatu.